Vidonge Vinane

Sisi watu wa Pangani tuna ubaya mmoja: tukiona maji mengi tunadhani tumefika kwetu. Siku niliyoteremka kwenye lori la ushirika na kuliona Ziwa Nyasa, na milima ya Malawi ng'ambo ikionekana kwa mbali, nilisema alhamdulillahi, hapa nitapazoea. Nikaenda moja kwa moja hadi ufukweni, nikainama, nikachota kwa kiganja na kuonja. Hayakuwa na chumvi. Kumbe pia hayapwi wala hayajai, yapo tu pale pale kutwa kucha. Nilijiona mjinga na bado mizigo yangu haijashushwa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nesi mkunga, umri wangu unakaribia thelathini, na nilipangiwa zahanati ya kijiji kimoja kusini ya Mbamba Bay. Nilikuwa nimeolewa kwetu nikaachwa. Miaka minne ilipita bila mimba, mama mkwe akaona amesubiri vya kutosha, nikarudishwa kwa mama yangu na masanduku mawili. Nayasema haya mapema kwa sababu na kijijini yalijulikana mapema, kabla sijayafungua masanduku yenyewe. Sijui nani aliwaambia. Pengine hakuna, mwanamke wa umri ule akiteremka kwenye lori peke yake, bila mtoto mgongoni wala mkononi, watu hawana haja ya kuuliza.

Nyumba ya mtumishi niliyopewa ilikuwa peke yake, kati ya ufukwe na mstari wa kwanza wa nyumba za kijiji. Walionizunguka walikuwa Wanyasa, Wakristo, watu wa kanisa kwelikweli, wakizungumza Kinyasa chao nami Kiswahili cha pwani, tukikutana katikati. Mwislamu mwingine alikuwa karani wa ghala, naye pombe ilikuwa imekwisha kumchukua. Ramadhani ya kwanza nilifuturu peke yangu siku zote ishirini na tisa, nikiwa nimejipikia uji wa mchele na kuunywa nikiutazama ukuta. Kijana anayesoma haya ataniuliza kwa nini sikuwaalika majirani. Nitamjibu kwamba nilikuwa na kiburi, na mtu mwenye kiburi hujiambia kwamba watu ndio wanaopaswa kuja.

Wakaja, lakini walikuja kwa sababu ya vidonge.

Serikali ilikuwa imeanza kutuletea vidonge vya kupanga uzazi, katika pakiti zenye vidonge ishirini na vinane, vyeupe na vya kahawia. Tuliambiwa tuwaeleze akina mama kuhusu kupishanisha watoto. Nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama mbele ya watu na pakiti yangu mkononi, nikaeleza vizuri kama nilivyofundishwa.

Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema mwenye sauti kubwa, alikuwa wa kwanza kusema. Alisema taifa ni changa na shamba la kijiji lina magugu, sasa nesi anataka tupunguze mikono. Watu wakacheka. Akafuata katekista, aliyekuwa akiongoza sala pale kanisani Jumapili ambazo padri hakufika, na hizo zilikuwa nyingi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyemtazama mtu usoni. Alisema maneno machache tu: mtoto ni zawadi, na zawadi hairudishwi mlangoni. Kisha akakaa, akaendelea kutazama viatu vyake.

Aliyenimaliza alikuwa bibi mkunga wa jadi, mwanamke mdogo wa umbo, mkavu kama usipa wa juzi, wale dagaa wa ziwani, ambaye alikuwa amewazalisha nusu ya waliokaa pale. Hakusimama. Alisema wao walikuwa wanapanga uzazi kabla babu yangu hajazaliwa. Mwanamke akijifungua anarudi kwa mama yake, na mume haingii kule. Atakaa mpaka siku mtoto atakapoweza kubeba kikombe cha maji kwa mikono yake miwili, ampelekee baba yake bila kumwaga. Siku hiyo ndipo mke anarudi. Wakikutana kabla, mtoto atabemendwa, atakonda, miguu itakuwa kama vijiti, na kijiji kizima kitajua baba yake hana simile.

"Sasa serikali hiyo hiyo imetupanga kwa mistari kama maharage," alisema. "Mama wa binti kabaki kule mtoni, binti yuko hapa kwenye chumba kimoja na mume. Mmeharibu desturi yetu halafu mnatuletea dawa ya mliyoharibu. Na wewe nesi, hujazaa. Unatufundisha nini kuzaa?"

Nilikuwa na ulimi siku zile. Nilimjibu kwamba fundi wa majeneza si lazima awe amekwisha kufa. Wengine walicheka, lakini vibaya, na bibi akanitazama tu kwa huruma. Nilirudi nyumbani nikalia, si kwa sababu alikuwa amekosea. Katika kila alilolisema lile la mistari lilikuwa la kweli, na mpaka leo naamini hakuna afisa aliyewahi kuliandika mahali.

Baada ya mkutano ule nilikuwa na hakika kwamba zile pakiti zitaozea kabatini. Lakini wanawake wanne walikuja, mmoja mmoja, kwa visingizio. Mmoja alikuja na jino, mwingine na mguu. Wote walitaka kitu kimoja na wote walikuwa na hofu moja: pakiti ikionekana nyumbani ni vita. Nyumba za chumba kimoja hazina mahali pa kuficha kitu. Ukikifukia kwenye unga, mama mkwe ndiye anayechota unga.

Basi nikabuni njia. Pakiti zitakaa kwangu, kila moja na alama yake. Asubuhi wanawake wote walishuka ziwani kuosha vyombo na kuchota maji, na njia ilipita mbele ya nyumba yangu. Ilitosha mtu kugeuka na kupiga hodi, kumeza kidonge chake, na kwenda zake. Nani angeuliza? Nilijiona mjanja. Nikachemsha maji nikaweka mchaichai, maana si adabu mtu akaingia nyumbani kwako akameza dawa kavu akatoka.

Miezi michache tu, wawili wakaacha. Mmoja alihamia Liparamba kwa wazazi wa mumewe, mwingine alisema vinamtia kichefuchefu. Wa tatu mumewe alikwenda kazini Songea, naye hakuona haja tena. Akabaki mmoja, mke wa katekista.

Ndiyo, wa katekista yule yule. Alikuwa na watoto sita. Wa sita alitolewa kwa upasuaji katika hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi, na sista daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine itampasua pale pale kwenye kovu. Akamwambia tena kwamba njia wanayoiruhusu wao ni ya kuhesabu siku, akampa na karatasi yenye miraba. Aliponionyesha ile karatasi ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa. "Mimi nahesabu vizuri," aliniambia. "Ila mwili wangu hauhesabu."

Alikuwa na miaka kama yangu, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, mwenye mwanya. Aliniita Dada Nesi. Alikuwa akiweka beseni lake la masufuria barazani, anapiga hodi na kuingia kabla sijasema karibu, anameza kidonge, kisha anavuta kigoda. Tulianza na chai, mimi nikaongeza vitumbua. Mchele nilinunua hapo hapo ziwani, chuma cha vitumbua nilikuwa nacho kutoka kwetu, katika yale masanduku mawili. Alivipenda. Alikuwa akila huku akinisimulia habari za kijiji: nani kagombana na nani kwenye zamu ya shamba, mbuzi wa nani kaingia kwa mwenyekiti, padri kasema nini na alimaanisha nini. Aliponiona nimenuna alinitania kwamba Waswahili wa pwani hununa kwa mpango, kama watu wanavyofunga. Ilikuwa robo saa, pengine dakika ishirini. Halafu angejitwisha beseni lake na kwenda.

Nataka niliseme hili bila kulipamba. Zile dakika ishirini ndizo zilizokuwa maisha yangu. Zahanati ilikuwa kazi, na usiku ulikuwa wa kulala. Niliamka alfajiri nikaswali, nikakoroga unga wa mchele, na kutoka hapo masikio yangu yalikuwa barazani, nikisubiri lile beseni liguse sakafu.

Asubuhi moja, alikuwa amekwisha kuja kwa zaidi ya mwaka, aliniuliza kama angeweza kuchukua pakiti akae nayo mwenyewe. Aliuliza hivi hivi, huku akipuliza chai. Nilimjibu upesi mno.

"Mume wako akiiona je?"

Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Haya, Dada." Hakuuliza tena. Nami nilijiambia kwamba nimemlinda. Mume wake si ndiye aliyesema zawadi hairudishwi mlangoni? Nilikuwa na sababu nzuri na sikutaka kuichungulia ndani yake kuna nini.

Kisha nikaitwa Songea, semina ya huduma ya mama na mtoto, siku tano pamoja na za safari kuwa nane. Asubuhi ya kuondoka alikuja kama kawaida. Pakiti yake ilikuwa mkononi mwangu, imebaki zaidi ya nusu. Ningeweza kumpa yote. Ingechukua nafasi ndogo kuliko kiberiti. Badala yake nikachana kipande cha gazeti, nikatoa vidonge vinane, nikavisokota kama watu wanavyosokota chumvi ya dukani.

Alivipokea akavipima kwenye kiganja. "Nane tu?"

"Siku ya tisa nitakuwa hapa," nikasema. "Chai tutakunywa pamoja."

Akavifunga kwenye pembe ya khanga yake. Wala hakubisha. Leo nikikumbuka, naona nilitaka awe na sababu ya kurudi. Niliogopa kwamba mtu akiwa na pakiti nzima nyumbani kwake, hana la kugeukia kwenye ile njia ya ziwani.

Semina ilikwenda vizuri. Tulifundishwa, tukaimba, tukagawiwa kalamu. Siku ya saba nilifika Mbinga na hapo ndipo mvua iliponikuta. Anayeijua ile barabara ya kuteremka kutoka Mbinga kwenda ziwani, hasa ya miaka ile, hana haja ya kuelezwa. Udongo ule mwekundu ukilowa, lori linakaa. Tuliambiwa kesho. Kesho tukaambiwa kesho kutwa.

Nilikaa Mbinga siku kumi na mbili. Nilipanga chumba kwa mjane mmoja Mmatengo, mchapa kazi, asiyesema sana. Baridi iliniuma mpaka kwenye meno. Kutwa nilikaa dirishani nikitazama miteremko yenye mashimo ya kilimo ya Wamatengo, ngolo, yamepangwa safi mlima mzima, maji ya mvua yakituama humo bila kuchukua udongo. Watu wenye akili, nilifikiri, wamejua kuyazuia maji yasiwaharibie. Na kila siku nilihesabu kwa vidole: leo ni siku ya tisa, leo ya kumi.

Siku ya kumi na moja wafanyabiashara wa usipa waliamua kuteremka kwa miguu. Siku mbili, walisema, labda tatu. Niliomba kwenda nao. Nilitembea nao hadi mwisho wa mji, mvua ikinyesha, viatu vyangu vya semina vikizama, nikaona mteremko ulivyo, nikawaambia nimesahau kitu. Nikarudi kwa mjane. Nilijiambia siku chache si kitu, pengine katekista yuko safarini kwenye vigango vya kanisa, Mungu si Athumani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi methali.

Barabara ilipofunguka tuliteremka polepole kwa lori, nikafika nyumbani siku ya ishirini na moja. Kesho yake asubuhi beseni likagusa sakafu, akaingia, akameza kidonge, akavuta kigoda, akanitania kwamba nimenenepa kwa nyama za Songea. Hakusema neno juu ya zile siku. Mimi pia sikumuuliza. Nilikaanga vitumbua vingi kuliko tulivyoweza kula.

Halafu, wiki kadhaa baadaye, alisimama mlangoni hakuingia. Aliziba pua kwa khanga. "Dada, mafuta yako leo yananuka nini?"

Hayakuwa yananuka. Tulitazamana. Mimi nikaanza kulia kabla yake, jambo ambalo si sahihi kwa nesi, naye akaingia akaondoa chuma jikoni ili vitumbua visiungue. "Basi, imekuja," alisema. Nilifungua mdomo, na nadhani aliona nilichotaka kusema, kwa maana bibi mkunga alikuwa na mizizi yake na mimi nilikuwa na vitabu vyangu.

"Usiniambie ya kuitoa," alisema. "Kuzuia nilikubali, nilijisemea na Mungu wangu. Kuitoa hapana. Hapo mimi na wewe hatufanani."

Sikubaliani naye hata leo. Lakini mwili ulikuwa wake na kovu lilikuwa lake, na aliyetoa vidonge vinane alikuwa mimi.

Tukapanga. Mwezi wa nane wa mimba ukianza atakwenda hospitali ya misheni akakae huko huko karibu na sista daktari mpaka siku ya kupasuliwa. Aliendelea kuja asubuhi, sasa bila kidonge, kwa kisingizio kwamba nampima. Nilimpima kweli, kila siku, kuliko mwanamke yeyote Tanzania nzima. Nilikuwa na hofu hata ya mikono yangu.

Mwezi wa nane haukufika. Ilikuwa Jumapili, kanisani, mumewe akiongoza sala. Niliambiwa aliinama kama mtu anayeokota kitu, akakaa chini kati ya mabenchi. Waliponiita nilikimbia na mfuko wangu, na bibi mkunga alikuwa amefika kabla yangu. Alimshika tumbo, akaniangalia, akasema, "Huyu si wangu wala si wako. Mpelekeni."

Tulimlaza kwenye mtumbwi mkubwa, wapiga kasia wanne, mimi kichwani kwake, mumewe miguuni. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia. Uchungu ulikuwa ukija na kuondoka, ukija na kuondoka, naye alinishika mkono akiminya kila ulipokuja. Tulikuwa tumekwenda kama saa mbili hivi aliposhtuka, akapiga ukelele mmoja, na uchungu ukakatika. Mkono wake ukalegea katika wangu. Wapiga kasia wakafurahi, mmoja akasema, mama kapata nafuu, Mungu mkubwa. Mimi nilijua maana ya uchungu unaokatika hivyo. Niliweka kiganja tumboni, nikahisi mtoto yuko mahali asipopaswa kuwa. Sikuwaambia kitu, niliwaambia wapige kasia tu, wasipumzike. Katekista alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akalijua jibu, akashika kasia la akiba akaanza naye kupiga.

Hakufa. Namshukuru Mungu na yule sista daktari, kwa mpangilio huo. Mtoto alikuwa wa kiume na alikuwa amekwisha kufa. Kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa. Nilimpa damu yangu pale pale, ilikutwa inafaa, na hilo ndilo jambo pekee katika kisa hiki ninaloweza kulisema bila aibu. Siku ya pili nilirudi na wapiga kasia, yeye akabaki huko mwezi mzima na mumewe akimuuguza.

Waliporudi, sikwenda kumjulia hali. Nilituma unga na sukari. Nilisema nina wagonjwa wengi. Nilikuwa namwogopa katekista. Siku zote nilikuwa nikimngoja aje aniulize kama nilimpa mke wake dawa kwa siri, na nilikuwa nimetayarisha majibu makali, ya mwanamke aliyesoma, juu ya haki na afya na wanaume wanaokaa na kutazama viatu vyao.

Alikuja jioni moja zahanati ikifungwa. Alikataa kiti. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na alianza kwa kunishukuru kwa damu. Kisha akasema, "Dada Nesi, vile vidonge nilivijua."

Nikaziweka chini funguo za zahanati.

"Tangu mwezi wa kwanza alinieleza. Hatujawahi kufichana. Nilikasirika wiki moja. Halafu nikamtazama amelala, na lile kovu, nikafikiri, nani atanisomea mimi misa ya kumzika mke wangu? Nikamwambia ameze. Kanisani nitasema ninayotumwa kusema, nyumbani nitanyamaza, na Mungu atanihukumu kwa yote mawili."

Nilimuuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, kwa nini basi mke wake hakukaa navyo nyumbani. Kwa nini kila siku alfajiri kuja kwangu, mwaka na zaidi, kwenye mvua na umande.

Alizungusha kofia. "Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia, omba pakiti ukae nayo, mimi si mtoto. Nadhani alikuomba mara moja." Akaigeuza kofia tena. "Aliporudi akaniambia, niache tu niende. Nikivileta huku, yule dada atakunywa chai na nani?"

Hakusema kwa kunilaumu. Ingekuwa heri. Alisema kama mtu anayetoa salamu alizopewa, akavaa kofia yake, akaenda.

Nimeishi na sentensi ile kuliko nilivyoishi na mume. Nilidhani nilikuwa nimemshika mimi kwa ule ujanja wangu wa alama na pakiti. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinishika, kila asubuhi, akijua wazi. Alikubali vidonge vinane kwenye karatasi ya gazeti kwa sababu aliona uso wangu nilipovihesabu. Zile siku kumi na tatu za kukosa vidonge pengine aliwaza kuvunja kitasa cha mlango wangu aichukue pakiti yake, pengine hakuwaza. Sikumuuliza kamwe.

Wiki iliyofuata, asubuhi, nilikuwa nimekaa jikoni. Birika lilikuwa motoni kwa mazoea. Nikasikia nyayo barazani, taratibu, za mtu anayetembea akijishikilia tumbo. Hapakuwa na beseni.

"Hodi," alisema.

Zamani aliingia kabla sijajibu. Siku hiyo alingoja. Hakuwa na kidonge cha kumeza, wala kipimo, wala kisingizio chochote. Alikuja kunywa chai.

"Hodi, Dada."

Nilitaka kusema karibu. Neno lenyewe nililisikia kinywani. Lakini niliuona uso wake utakaponitazama, hauna hasira hata kidogo, ukinihurumia, na kile kiburi nilichotoka nacho Pangani kikanishinda. Niliondoa birika motoni ili lisitoe sauti. Nilikaa na birika lile mapajani, nimeliwekea khanga, likiniunguza.

"Hodi."

Kwa desturi ya kila mahali nilipopata kuishi, hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu unaondoka, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Nilizisikia nyayo zikishuka barazani, zikasimama kidogo, zikaenda. Nilipofungua mlango, jua likiwa limekwisha kupanda, kizingitini palikuwa na kibakuli kimefunikwa kwa kisahani.

Nilikaa kijiji kile miaka miwili zaidi. Tulikuwa tukikutana njiani, tukiamkiana vizuri, tukiulizana habari za nyumbani. Hakugeuka tena kwenye baraza langu, nami sikumwita. Nilipohamishwa alikuja pamoja na wengine kuniaga kwenye lori, akanipa mkono.

Kibakuli kile kilikuwa na vitumbua. Alikuwa amejaribu kuvipika mwenyewe, bila chuma, kwenye kikaango, vimetoka bapa na vimeungua upande mmoja. Mchele haukumtosha, akachanganya na unga wa muhogo. Nilivila vyote siku hiyo hiyo, na chai ya mchaichai, mlango ukiwa wazi.